Mwanza Nayo ni Japani ya Mtu

Nina ugomvi na habari za mabingwa. Si na mabingwa wenyewe, ni na namna tunavyoyaandika maisha yao. Nimesoma nyingi, za Kiswahili na za Kiingereza, vitabuni na magazetini, na karibu zote zinaanza vilevile: taa, ukumbi, wimbo wa taifa, chozi. Baada ya hapo ndo tunarudishwa nyuma tuambiwe kwamba wazazi wa bingwa huyu walikuwa wahamiaji, kwamba walifika nchi ya watu na begi moja, baba akafanya kazi za usiku na mama akafua nguo za watu. Aya moja, zikizidi sana mbili. Halafu haraka haraka tunarudi kwenye medali.

Aya hiyo moja ndiyo inayonikera. Ndani yake kuna mtu aliyevuka mpaka, na siku alipovuka hakuwa mzazi wa bingwa. Alikuwa mtu tu mwenye begi, na yupo aliyemsimamisha akamuuliza, "Wewe, karatasi zako ziko wapi?" Mwandishi anamsamehe kwa sababu mwanawe kashinda. Je, asingeshinda?

Nauliza hivyo nikiwa Mwanza, mtu wa Kirumba, mjukuu wa mbeba mizigo.

Babu yangu mzaa baba alitoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Masaka kule Uganda. Alipanda meli akiwa kijana, akashuka Mwanza, akawa kuli bandarini. Marobota ya pamba, magunia ya mpunga, mabati, saruji, vyote vilipita mgongoni mwake. Sisi wajukuu alitufundisha kunyanyua ndoo ya maji kama anavyofundishwa mtu wa jimu: kunja magoti, mgongo usiuinamishe, pumzi ishike, nguvu itoke miguuni. Hakuwa mtu mkubwa. Alikuwa mfupi, shingo nene, na hadi anazeeka vijana wa mtaani walikuwa wakishindana naye kunyanyua ekseli ya mkokoteni, wanashindwa, anacheka. Hakuna aliyewahi kumpa medali wala kumpima. Ukiniuliza kama alikuwa bingwa nitakujibu sijui, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuhesabu.

Sasa twende Japani.

Julai 2021, zikiwa zimebaki siku chache Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ianze, kijana wa miaka 20 anayeitwa Julius Ssekitoleko alitoweka katika kambi ya timu ya Uganda, mji wa Izumisano karibu na Osaka. Alikuwa mchezaji wa kunyanyua vitu vizito. Alikwenda kule akiwa na matumaini ya kushindana, akaarifiwa kwamba kiwango chake hakikutosha kumwingiza kwenye orodha. Mchezo huo ulipewa nafasi 196 tu kwa dunia nzima, wanaume na wanawake, na yeye hakuipata hata moja. Akapangiwa ndege ya kurudi. Kabla siku haijafika, akaondoka kambini. Chumbani aliacha karatasi akieleza kwamba maisha nyumbani ni magumu na kwamba anataka kubaki Japani afanye kazi, na akaomba vitu vyake apelekewe mkewe Uganda.

Polisi wa Japani walimsaka. Siku ya nne wakampata Yokkaichi, mbali na kambi, wakamrudisha. Alipotua Entebbe hapakuwa na maua. Alishikiliwa na polisi siku kadhaa, mkewe akiwa mjamzito, ndipo akaachiwa.

Jamani, sisi tulicheka. Nakumbuka vijiweni hapa Mwanza, na kwenye simu zetu, jinsi tulivyocheka. Eti mnyanyua vyuma kanyanyua begi. Eti Mganda kaenda Olimpiki ya kutoroka. Mimi mwenyewe nilitunga moja, nikaisoma kwa sauti sebuleni nikitegemea mzee wangu atacheka. Baba alikuwa anasikiliza redio. Akapunguza sauti, akaniangalia.

"Unajua babu yako alimwaga vipi mama yake?"

"Sijui, baba."

"Alimwambia anakuja Mwanza msimu mmoja tu wa pamba. Mmoja. Mama yake akafa hajamwona tena. Sasa huyo mwenzake kaacha hata barua. Babu yako hakuacha."

Akaongeza sauti ya redio. Tangu siku hiyo sijaweza kuisoma habari ya bingwa yeyote mtoto wa wahamiaji bila kumtafuta yule wa kwanza aliyevuka, na kila nikimtafuta namkuta kabanwa kwenye ile aya moja.

Kabla hamjanirukia, nitaanza na hoja zenu, maana nazijua. Ya kwanza: kijana alikiuka masharti. Wenyeji walimpokea kama mchezaji, wakamlisha, wakampima korona, naye akawaponyoka katikati ya janga. Ni kweli. Ya pili: wachezaji watakaofuata ndio watakaolipa, kwa sababu balozi zitazidi kuwatilia shaka vijana wetu wakiomba viza. Hiyo nayo ni kweli, na inauma zaidi, maana anayelipa ni kijana mwingine maskini na si kiongozi wa msafara. Sisemi alifanya sawa. Ninachosema ni kwamba tulimhukumu kwa kitendo ambacho wengine wakikifanya na kikawaendea vizuri, tunakiita mwanzo wa hadithi nzuri.

Mfano upo, tena wa Olimpiki hiyohiyo na mchezo huohuo. Cyrille Tchatchet alizaliwa Kameruni. Mwaka 2014 alikwenda Glasgow kuiwakilisha nchi yake kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, akashika nafasi ya tano katika uzito wake. Michezo ilipokwisha hakurudi. Alifika Brighton, akalala chini ya daraja kwa wiki kadhaa, akafika mahali pa kutamani kufa. Alipiga simu ya msaada, polisi wakamfikia, na hatimaye Uingereza ikampa hifadhi. Akasomea uuguzi wa wagonjwa wa akili, akahitimu, akafanya kazi hiyo wakati wa korona, na Tokyo akapanda jukwaani na timu ya wakimbizi. Akawa wa kumi katika kilo 96. Dunia ilimpigia makofi, nami nilipiga, tena kwa moyo wote.

Tazama basi. Julai ileile, Japani ileile: mmoja anasakwa na polisi kwa kuondoka kambini, mwingine anaandikwa magazetini kama shujaa, naye safari yake ilianza kwa kuondoka kambini. Kisheria kuna tofauti, na siifichi. Hifadhi ya ukimbizi hupewa anayeogopa madhila akirudi kwao, wakati Ssekitoleko alisema wazi kwamba anatafuta kazi. Lakini sisi vijiweni hatukuwa mahakimu wa sheria za ukimbizi. Hatukuwa tumesoma kifungu hata kimoja. Tulimcheka kwa sababu kakamatwa na kwa sababu hana medali. Angefanikiwa kujificha, akafanya kazi kiwandani miaka ishirini, akazaa binti, binti akainyanyulia Japani dhahabu, wajukuu wa vijiwe hivihivi wangeandika: bingwa mwenye asili ya Ziwa Victoria. Wangedai sehemu ya dhahabu ile.

Kuna jambo jingine ambalo wachekaji tulilisahau. Ssekitoleko hakuwa anatoka nje kwa mara ya kwanza. Mwaka 2018 alikuwa Gold Coast, Australia, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, akashindana katika kilo 56 na kuwa wa kumi. Kumi bora za Madola, akiwa bado kinda. Kwenye michezo hiyohiyo wachezaji wanane wa Kameruni walitoweka: watatu wanyanyua vyuma, watano mabondia. Yeye akarudi nyumbani. Nafasi ya kuzamia alikuwa nayo tangu mwaka huo, wenzake wa mchezo mmoja wameshamwonyesha njia, na akarudi. Kwa hiyo swali si kwa nini aliondoka 2021. Swali ni alipokuwa amerudi 2018, alirudi kwenye nini?

Hapo ndipo hadithi zetu za mabingwa zinapokwepa. Zinatuambia bingwa hujengwa na moyo. Moyo gani? Mtu mwenye kilo 56 anazidi kidogo tu mfuko wa saruji, na anatakiwa ainue zaidi ya uzito wake mwenyewe juu ya kichwa, anyooshe mikono, atulie mpaka mwamuzi aridhike. Mwili wa kufanya hivyo unahitaji mayai, maharage, samaki, usingizi, daktari wa misuli, na vyuma vyenye vipimo vya kweli. Nenda kwenye jimu za uchochoroni huku kwetu, uone vijana wanavyonyanyua makopo yaliyojazwa zege na kuchomekwa kwenye bomba. Kopo la kushoto si sawa na la kulia. Anayetokea hapo anaishia kuitwa baunsa na kusimama mlangoni mwa baa. Nguvu zipo, ila hakuna anayezihesabu.

Mtaniambia: mbona Filbert Bayi alirudi? Vizuri, tumzungumze Bayi. Christchurch, New Zealand, Februari 1974, aliwatangulia wenzake tangu mwanzo mpaka mwisho wa mita 1500 na kuweka rekodi ya dunia, dakika 3 na sekunde 32.2. Bayi alirudi, ndiyo, na miaka ya baadaye akafungua shule. Lakini Bayi alikuwa askari wa Jeshi la Wananchi. Alikuwa na mshahara, alikuwa na pa kulala, alikuwa na bosi aliyemruhusu afanye mazoezi. Anayetaka wachezaji warudi nyumbani awape nyumba ya kurudia. Bila hicho, wimbo wa uzalendo ni kumdai mtu deni ambalo hukumkopesha.

Na hapohapo Christchurch, kwenye michezo ileile tunayoikumbuka kwa sababu ya Bayi, palikuwa na mtu mwingine ambaye watu wa huku hatumtaji. Anaitwa Precious McKenzie, mzaliwa wa Durban. Ni mfupi mno, sentimita 145 au karibu na hapo, na wakati huo alikuwa katika wale wenye nguvu kuliko wote duniani kwa uzito wake. Alikuwa bora Afrika Kusini mwaka 1958, lakini Makaburu wakamwacha nje ya timu iliyokwenda Cardiff kwa sababu ya rangi yake. Mwaka 1964 akahamia Uingereza na familia yake, akafanya kazi kiwanda cha viatu Northampton. Uraia wake ulisukumwa upesi upesi na waziri wa michezo ili aweze kuinyanyulia Uingereza, naye akairudishia dhahabu: Kingston 1966, Edinburgh 1970, Christchurch 1974. Kisha akaipenda New Zealand, akahamia huko, na mwaka 1978 kule Edmonton akaipatia dhahabu ya nne akiwa na miaka 42. Bayi pia alikuwa Edmonton, akachukua fedha ya mita 1500.

McKenzie ni maisha mazuri ya kuandikwa, na yameshaandikwa. Lakini angalia kitu kimoja. Uraia wake uliharakishwa kwa sababu alikuwa na uwezo wa kuleta dhahabu. Wachuuzi, wafagiaji na mafundi viatu waliotoka nchi ileile, wakibaguliwa na watu walewale, walingoja foleni. Na New Zealand iliyompokea kwa shangwe, mwaka 1976 timu yake ya raga ilikwenda kucheza Afrika Kusini kana kwamba hakuna tatizo, na kwa sababu hiyo Tanzania na nchi nyingine nyingi za Afrika zikasusia Olimpiki ya Montreal. Nchi ilimpenda mkimbizi mmoja wa ubaguzi wa rangi kwa sababu alikuwa bingwa, huku wanaraga wake wakipeana mikono na ubaguzi wenyewe. Ndivyo medali inavyofanya kazi: inamsafisha mtu mmoja na kuwaacha nyuma wote waliokuja naye.

Msinielewe kwamba nawashitaki Wazungu na Wajapani peke yao. Ningekuwa nadanganya. Nimesema niko Mwanza.

Shuka Mwaloni alfajiri, mitumbwi inapoingia na dagaa. Wanaopokea magunia pale si Wasukuma watupu. Wapo Wakerewe, Wajita, Waha, Wajaluo, wapo waliotoka Burundi na Kongo, wapo waliotoka Uganda kama babu. Ziwa hili halijawahi kuwa la kabila moja, na mji huu umejengwa na migongo ya watu waliokuja kwa msimu mmoja wakakaa. Lakini msikilize mtu anavyomwita kijana anayembebea gunia. "We Mrundi, njoo." Hajui kama ni Mrundi. Hajui jina lake. Gunia likipotea, wa kwanza kushikwa shati ni yeye. Likitokea zoezi la kukagua karatasi, wa kwanza kukimbilia vichakani ni yeye, hata kama kazaliwa hapa, kwa sababu amejifunza kwamba atakayeulizwa ni yeye.

Haya si ya kusimuliwa. Dada yangu, kizazi cha tatu mjini hapa, Kiswahili chake cha hapahapa, alipofuatilia kitambulisho aliulizwa kwenye ofisi moja babu yake kazaliwa wapi. Akajibu ukweli. Alizungushwa miezi. Babu aliyebeba saruji ya kujengea nusu ya maghala ya mji huu akageuka kuwa doa kwenye fomu ya mjukuu wake. Nilipokwenda kulalamika, mzee mmoja tuliyekaa naye kwenye benchi akanishauri kwa upole, "Mdogo wangu, mngesema tu alizaliwa Bukoba." Alikuwa na nia njema. Alinifundisha vilevile wahamiaji wanavyofundishana dunia nzima: kata ile aya.

Ndiyo maana nasema ugomvi wangu ni na uandishi. Tunavyoyasimulia maisha ya bingwa ndivyo tunavyomtazama kuli. Tukiandika kwamba thamani ya mhamiaji huonekana mwanawe anapopanda jukwaani, tunamfundisha karani, polisi na jirani kwamba asiye na jukwaa hana thamani. Tukiandika kwamba Uingereza "ilimkubali" McKenzie bila kusema ilikuwa na haja gani naye, tunatunga sala ya shukrani badala ya kuandika maisha ya mtu. Na tukimwandika Ssekitoleko kama kichekesho cha siku nne, tunamcheka babu yetu mwenyewe akiwa juu ya meli.

Wenzangu mnaoandika, nawaomba mambo mawili. Acheni kuanza na taa. Anzeni na gunia, na mtu aliyelibeba, na mshahara aliolipwa siku hiyo, na aliyemdai karatasi, mmtaje kwa cheo chake. Medali ikija, ije mwishoni, na ikikosekana kitabu kisife. La pili, acheni kutafuta wahamiaji wenu London na Toronto tu. Wako Mwaloni. Mwanza nayo ni Japani ya mtu. Kuna mama upande wa pili wa ziwa aliyeambiwa msimu mmoja tu, na mwanawe sasa hivi anashusha dagaa huku mtu akimwita kwa jina la nchi.

Huenda ana nguvu za kushangaza dunia. Huenda hana, ana nguvu za kawaida tu za kumlisha mtoto. Haki ya kuitwa kwa jina lake haitegemei lipi kati ya hayo mawili.

Maisha ya Ssekitoleko, ninavyojua, hayajapata kitabu. Siku mtu akiyaandika, ombi langu asianze Tokyo wala asianze na polisi wa Yokkaichi. Aanze kule chumbani Izumisano, kijana wa miaka 20 akiwa peke yake na kalamu, akichagua katika vitu vyake vichache kipi akibebe na kipi apelekewe mke. Mimi nitakinunua kitabu hicho, na nitamsomea baba.

Redio nitaizima mwenyewe.